Nani aliwadanganya kwamba kukloni diski ni "dakika kumi tu"?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Huu ni usiku wa tatu silali kwa sababu ya mwongozo wa kukloni (kunakili diski nzima ilivyo kwenda nyingine) wenye mistari minne: andika Clonezilla, programu ya kazi hiyo, kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi, chagua diski kwenda diski, subiri. Nyie mnaoandika hivi mmewahi kuifanya hiyo kazi, au mnakopiana tu?

Kompyuta yangu ni Linux tupu, mfumo uko kwenye SSD ya SATA ya GB 500. Nimepata NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) ya GB 480, nataka kuhamia huko. Basi, hakuna kingine.

Flashi ilinila saa nzima, na hapo kosa ni langu: nililiburuta faili la ISO (lile lenye Clonezilla nzima) nikalitumbukiza kwenye flashi kama mtu anayehifadhi wimbo. Haiwaki hivyo. ISO inaandikwa kwa amri ya dd juu ya flashi nzima, yaani /dev/sdb, siyo /dev/sdb1 ambayo ni kipande chake tu. Na ukikosea hiyo herufi b umefuta diski nyingine, maana dd haina habari ya kukuuliza kama una uhakika.

Sasa kilichonitoa roho. Flashi imewaka, menyu imekuja, natakiwa kuchagua diski ya kupokea. Haipo! SSD ya zamani ipo, flashi ipo, NVMe hakuna. Nikazima, nikafungua kifuniko, nikaichomoa, nikairudishia, nikakaza skrubu. Haipo. Nikajaribu GParted Live, programu ya kugawa diski inayowashwa kwa flashi vilevile, hadithi ile ile. Nikamwandikia aliyeniuzia maneno ambayo itabidi nimwombe radhi, kwa sababu ukiingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) kifaa kinaonekana, jina na ukubwa wake. Saa nane usiku nikafungua dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli (kiini cha Linux), nikasoma mstari mmoja mmoja, na katikati ya ule msitu inaniambia imekuta NVMe moja nyuma ya kidhibiti cha SATA, nibadilishe BIOS kutoka RAID kwenda AHCI (namna mbili za kuendesha diski) ndipo niitumie. Jibu lilikuwa limekaa pale tangu mwanzo! Kubadilisha ni sekunde 20, na Linux yangu ikawaka kama hakuna kilichotokea. (Mwenye Windows humo ndani asiige kabla hajaiandaa, inaweza kugoma kuwaka.)

Usiku wa pili, ukubwa. Data yangu haifiki hata GB 150, lakini Clonezilla ikakataa kwa kuwa diski ya kupokea ni ndogo. Nikarudi GParted, nikapunguza partisheni (kipande cha diski) yenye mfumo wa mafaili wa ext4 (hii lazima uwe nje ya mfumo, ext4 haipungui ikiwa imepandishwa, yaani ikiwa inatumika), nikaachilia swap (kipande kinachosaidia RAM) iliyokuwa na alama ya kufuli, nikangoja. Nikarudi Clonezilla, ikakataa tena! Kumbe inapima diski na diski, haijali umepunguza nini ndani. Mpaka uingie hali ya wataalamu utie alama kwenye -icds, inayoiambia isipime ukubwa. Sasa mimi ningelijuaje hilo neno?

Jana ikamaliza, hakuna kosa hata moja. Nikawasha, nikafurahi, leo nikafanya kazi tangu asubuhi hadi saa saba mchana nikijisifu jinsi NVMe ilivyo na kasi. Halafu nikaandika findmnt /, amri ya kuonyesha mfumo unatumia diski ipi, kwa udadisi tu.

/dev/sda2.

Nusu siku nzima nimo kwenye diski ya zamani. Kloni inabeba UUID (namba za utambulisho wa partisheni) zile zile, fstab (faili linaloorodhesha partisheni za kupandisha) inatafuta kwa UUID, na mimi nimeacha diski zote mbili zimechomekwa, kwa hiyo mfumo umejichukulia iliyoupendeza. Mstari mmoja tu, "ukimaliza chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha", ungeniokoa. Nimepekua miongozo sita, haumo hata katika mmoja.

Kwa hiyo sasa nina diski mbili zenye UUID moja, na kazi ya leo iko kwenye ile isiyotakiwa. Nafikiria kuwasha tena kwa flashi, nipandishe zote mbili kwa majina ya vifaa, nihamishe mabadiliko kwa rsync (programu ya kunakili mafaili), kisha nibadilishe UUID ya ext4 kwenye diski ya zamani kwa amri ya tune2fs. Aliyewahi kufanya hivi aniambie kama kuna shimo lingine mbele. Na atakayekuja kuniambia "ungetumia rsync tangu mwanzo", mkuu, nakuomba upite kimya kimya.