Cubase nimeanza nayo 2011, mashine imekata moto. Nihame au ning'ang'anie?

Trei za Mayai (mtoa mada)

Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja.

Nina studio ya chumba kimoja Mbagala, kuta nimebandika trei za mayai na mablanketi. Tangu 2011 narekodi kwa Cubase 5, programu ya kurekodi muziki, ile ile niliyowekewa na kaka aliyenifundisha kazi, kutoka kwenye flashi yake. Ndiyo, ni ya kuchakachua, sitajitetea. Bongo Flava, kwaya, tangazo la dawa ya panya linalozunguka na spika kwenye bajaji, vyote vimepita humo.

Wiki mbili zilizopita mashine iligoma kuwaka. Fundi kasema mothabodi. Diski imepona, ina projekti mia nne na ushee. Nikajikusanya, nikanunua laptopu ya Windows 11, nikaweka Cubase yangu. Inafunguka, inakaa kama dakika tatu, inajifunga yenyewe. Siku ikiamka vizuri, nusu ya plagini (vile viprogramu vya ala na efekti vya kuchomeka ndani) hazionekani.

Dogo anayenisaidia ni mtu wa FL Studio, programu nyingine ya muziki. Kila siku, "bro hamia huku, unajitesa." Nikakubali, nikakaa nayo siku nne. Ya tano akaja mama mmoja wa kwaya. Ubeti wa kwanza aliuimba mpaka nywele zikanisimama. Namaliza, naangalia skrini, hakuna kitu. Kwenye Cubase kurekodi unabonyeza nyota upande wa namba, na kidole changu kilienda huko chenyewe. Laptopu yenyewe haina upande wa namba! Nilikuwa nimebonyeza hewa. Nikamwambia, "Mama rudia, nilikuwa naweka sawa sauti." Alirudia, ila ule wa kwanza haukurudi.

Naombeni ushauri. Nihamie FL, nitafute Cubase mpya, au kuna njia nyingine? Na projekti za zamani nazifanyaje? Nawasilisha.

Fruti Damu

Karibu nyumbani mkuu, umechelewa tu. FL ukiinunua mara moja, matoleo yote yanayokuja unapewa bure. Wabelgiji wameitoa tangu 1997 na mpaka leo watu wanaidharau eti mchezo wa watoto, huku biti zake ndizo wanazochezea harusini. Huyo dogo msikilize.

Kipaza Kimoja

Fruti Damu acha kupotosha watu. Kutengeneza biti ni kazi moja, kurekodi kwaya ya watu 30 ni kazi nyingine. Na mwambie ukweli, toleo la chini kabisa la FL kwa miaka mingi lilikuwa halirekodi sauti kwenye pleilisti, ilibidi upande toleo la Producer.

Fruti Damu

Kwani nani kasema anunue la chini kabisa?

Mzee wa Fada

Vijana tulieni kidogo.

Mtoa mada, kwanza ujue kilichokupata. Cubase 5 ni ya 2009. Ile iliyozagaa kwenye flashi zetu ni ya biti 32, na plagini zake hivyo hivyo (biti za kompyuta, siyo biti za kucheza). Hata ukienda dukani leo ukanunua Cubase halali, projekti zako itazifungua, maana matoleo mapya yanasoma ya zamani, lakini plagini za biti 32 waliziacha tangu Cubase 9 mwaka 2016. Utaona trak zako zote zimejipanga, ukibonyeza kupiga, kinanda kimya. Kwa hiyo hata ukibaki, umeshahama.

Pili, uaminifu. Mimi nina rafiki aliyekuwa na Logic, programu ya kazi hii hii, kwenye Windows. Mwaka 2002 Apple wakainunua kampuni ya Emagic iliyokuwa inaitengeneza, toleo la Windows likafutwa. Ama ununue Mac, ama uanze upya. Wa SONAR nao, 2017 Gibson walitangaza kwamba wanaacha kuiendeleza. Bahati yao BandLab waliichukua mwaka uliofuata wakaigawa bure. Hao walikuwa wateja waliolipa hela zao, siyo wa flashi kama wewe. Wewe unaionea programu huruma, yenyewe haikujui.

Sasa fanya hivi. Usihangaike na laptopu. Tafuta mashine ya mezani ya mtumba inayokubali Windows 7, chomeka diski yako, rudisha mazingira yale yale. Fungua projekti moja moja utoe stemu, yaani kila trak faili lake la sauti. Cubase 5 ina sehemu ya kutoa chaneli nyingi kwa mpigo pale kwenye Audio Mixdown, wengi hamjawahi kuigusa. Kila trak ianzie sehemu moja, mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu. WAV, biti 24. Vokali toa mara mbili, kavu na yenye efekti, maana ile rivabu (mwangwi) yako ya zamani hutaipata tena. Midi (noti za kinanda, siyo sauti) toa faili lake peke yake. Jina la folda andika tempo, kasi ya wimbo, la sivyo utakuja kuhesabu kwa mguu.

Ukishakuwa na stemu, hata kesho ukihamia programu iliyoandikwa Kichina zitafunguka.

Binti Sauti ya Pili

Naomba niongee upande wa sisi tunaoimba. Prodyuza wangu wa kwanza alihama programu, sijui ipi kwenda ipi, nami sikuona shida. Baada ya miaka miwili nikapata nafasi ya kuimba na bendi, nikamuomba mziki bila sauti yangu. Akaniambia projekti haifunguki. Nyimbo sita za albamu yangu zipo kama mp3 tu, sauti na ala zimeshikamana kama ugali na sufuria. Kaka, hamieni mnakotaka, lakini stemu za watu wapeni watu wenyewe. Kazi ikiisha, chomeka flashi yangu, niwekee. Vita vyenu vya FL na Cubase sisi havituhusu.

Kipaza Kimoja

Dada hapo umetugusa wengi. Ngoja ninyamaze.

Bandari Kuu

Salamu kutoka Mombasa. Mbona hakuna aliyetaja Reaper, nayo ni programu ya kurekodi? Yule aliyetengeneza Winamp, ile ya kusikilizia mp3 kwenye kompyuta, ndiye aliyeianzisha. Waijaribu siku 60 na kila kitu kiko wazi, na leseni ya mtu mwenye studio ndogo ni dola 60. Sisi hapa twarekodia maulidi na bendi za hoteli, kompyuta yenyewe kongwe, na haitoi jasho. Uzuri wake wataka nini? Kila kitufe wakibadilisha upendavyo. Ukitaka nyota irekodi, yarekodi. G na H za kusogeza picha mbali na karibu kama kwenye Cubase, wazipanga dakika moja. Ubaya wake ni sura, yaonekana kama programu ya mahesabu ya duka. Na ala za ndani ni chache, biti mwachie huyo dogo na FL yake.

Fruti Damu

Sura ni biashara mzee. Msanii akiingia studio jicho la kwanza ni kwenye skrini. Akiona rangi za FL anajua yuko sehemu ya kisasa. Mimi wananiuliza kabisa, "unatumia nini?" kabla ya bei.

Mzee wa Fada

Mgeuzie skrini ukutani.

Trei za Mayai (mtoa mada)

MREJESHO.

Wakuu asanteni sana. Mashine ya mtumba nimeipata Kariakoo kwa laki mbili na nusu, Windows 7, Cubase imeamka kama haijawahi kuumwa. Nimekaa nayo usiku kumi na moja. Mzee wa Fada, ile ya kutoa chaneli kwa mpigo ilikuwepo miaka yote hiyo na mimi nilikuwa nafunga trak moja moja mpaka alfajiri. Sikuwaambia watu nyumbani.

Kati ya zile mia nne, nyingi ni "wimbo mpya 2", "wimbo mpya 2 final", "final ya kweli". Zenye maana ni 61. Nimewapigia wenyewe, 19 wameshakuja na flashi. Mmoja alikuwa hakumbuki kama aliwahi kuimba.

Narekodi kwa Reaper sasa, bado siku zangu 60 hazijaisha, hela ya leseni naitenga. Dogo anapika biti kwenye FL ananiletea stemu, hatugombani tena. Nimenunua kale kakibodi ka namba ka kuchomeka pembeni, elfu kumi na tano, nyota nimeiweka irekodi. Dogo anacheka, anasema nimehama nyumba nikabeba na mlango.

Yule mama wa kwaya nimempigia. Anakuja Jumamosi saa nne.