Mizimu ya Amboni, Kaya Kinondo na ngoma za pepo: mgeni anaingiaje?

Mshuka_Pwani:
Wakuu, natoka Mwanza, nashukia Tanga, kisha navuka mpaka wa Horohoro hadi Diani, Kenya. Nataka kujua imani za mizimu na pepo kwa heshima, si kutafuta picha za kurusha mtandaoni. Wapi mgeni anaruhusiwa? Nibebe nini? Na nikidaiwa pesa "ya mzimu" nitoe?

Chumbageni:
Anza na mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga. Lipa kiingilio ofisini, uchukue mwongozaji. Tochi ya simu haitoshi, beba tochi kamili. Viatu viwe na meno, maana chini pana unyevu na mavi ya popo, na kuna sehemu utainama hadi utambae. Ndani utaonyeshwa Mzimu wa Mabavu, ambako watu huja kuomba uzazi, afya au riziki. Utakuta marashi, sarafu, vitambaa, pengine chakula. Usiguse wala usisogeze kitu ili picha yako ikae vizuri: kila kimoja ni nadhiri ya mtu. Wewe hulazimiki kuacha chochote. Utaambiwa pia kuna tundu linalotokea Mombasa. Hadithi tamu, isikilize tu.

Mdigo_halisi:
Ukivuka, nenda Kaya Kinondo, kusini ya Diani. Ni msitu wa hekta kama 30, na ni miongoni mwa kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mlangoni unavua kofia na kufungwa kaniki kiunoni. Huingii bila mwongozaji, huchumi jani, huokoti hata kijiti kilichoanguka, na wapenzi hawabusiani humo. Wageni hukosea hapo kwenye kuokota: mbegu moja mfukoni, "ukumbusho tu". Kwa wazee, kitu cha kaya kikitoka, kosa hutakaswa, na kutakasa ni gharama. Usiombe kuonyeshwa fingo, ile kinga iliyozikwa ndani. Hata wenyeji wengi hawaijui ilipo.

Ubani_na_Udi:
Ngoma ya pepo ni jambo jingine kabisa, Mshuka. Ile ni tiba, yuko mgonjwa pale, kwa hiyo ruhusa inatoka kwa mganga *na* kwa watu wa mgonjwa. Mmoja akikataa, geuka. Ukikubaliwa, vua viatu, kaa unapokalishwa, simu izimwe. Mtu akipandwa na pepo usimshike, wasaidizi wapo. Usibebe zawadi kwa kubahatisha: vibuki, pepo wa Bukini (Madagaska), hutaka brandi, lakini ruhani ni pepo wa Kiislamu, na pombe kwenye kilinge chake ni matusi. Ulizia kwanza, udi kidogo au marashi kwa kawaida havileti ugomvi.

Kuhusu pesa: ada ya mwongozaji lipa, tena uombe risiti. Mganga anayekuambia, hata hujakaa, kwamba *wewe* una pepo, kisha akataja kitambaa, kuku, halafu mbuzi, huyo aga. Orodha hiyo haiishi.

Mdigo_halisi:
Jingine, na hili si la mzaha. Usimwulize mtu "nani mchawi hapa?" Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa kisheria, Kenya na Tanzania Bara pia.

Mshuka_Pwani:
Asanteni sana. Nikipata kigango dukani, ile nguzo ya mbao ya kuchongwa, ninunue?

Mdigo_halisi:
Hapana. Wagiriama humsimamishia kigango marehemu aliyekuwa wa chama cha kimila cha Gohu, na hakiondolewi kilipo hata kikioza. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Baadhi vimerudishwa kutoka Marekani. Ukitaka kuviona, nenda makumbusho. Kilichochongwa juzi kwa ajili ya watalii ni sawa, ila ukishaona mbao imeliwa na mchwa upande wa chini, ujue kilikuwa kimechomekwa ardhini.