Mfalme wa Ufaransa aliangushwa na vitabu au na bei ya mkate?

Mleta mada: Wakuu, tangu juzi nabishana na shemeji yangu. Anasema mapinduzi ya 1789 yaliletwa na njaa, basi. Mimi nasema njaa ilikuwepo karne zote na wafalme hawakutikisika. Kilichobadilika ni fikra. 1687 Newton alionyesha kwamba jiwe linaloanguka na mwezi vinafuata kanuni moja. Mwandishi Mfaransa Voltaire akaenda Uingereza 1726, akarudi Ufaransa na habari hizo. 1762 mwanafalsafa Rousseau akaandika kwamba mamlaka ni ya wananchi. Mtu akishazoea kuuliza "kwa nini" juu ya jiwe, atauliza na juu ya mfalme. Wale akina mama wa sokoni walioandamana kutoka Paris hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, hawakujua hata herufi moja, walifuata tu upepo wa wasomi.

Binti Soko: Hapo mwisho umenichoma. Mama yangu anauza samaki Feri, shule aliishia darasa la nne. Huwa namsomea gazeti yeye akiparua magamba, na kisu kinasimama kila nikifika kwenye bei ya mafuta. Huyo anafuata upepo? Akina mama wa tarehe 5 Oktoba 1789 walitembea kama kilomita 20 kwenye mvua, wakiburuta mizinga. Kesho yake wakamrudisha mfalme Paris na familia yake, huku wakiwaita "mwokaji, mke wa mwokaji na mtoto wa mwokaji". Hao wanajua wanachotaka.

Mleta mada: Dada, sijamgusa mama yako. Nimeongelea Ufaransa.

Binti Soko: Umeongelea wanawake wa sokoni. Mimi nimelelewa na mmoja.

Kibarua: Shemeji yako yuko sahihi. Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu ngano, mwaka uliofuata mkate ukawa unameza zaidi ya nusu ya ujira wa kibarua. Hazina nayo ilikuwa tupu, sehemu kwa sababu Louis wa 16 aliwasaidia Wamarekani kupigana na mfalme wa Uingereza. Ndipo watu wakavunja Bastille, ngome iliyokuwa gereza la mfalme, kuwatoa mamia ya wafungwa.

Mzee wa Maktaba: Mamia wapi? Wafungwa walikuwa saba. Watu walifuata baruti. Na mleta mada, sayansi unayoisifia ilikula meza moja na mfalme. Akademia ya Sayansi ilianzishwa 1666 kwa fedha ya mfalme, wanamapinduzi wakaifunga 1793. Lavoisier, baba wa kemia, alikuwa pia kwenye kampuni iliyokusanya kodi za mfalme. Walimkata kichwa tarehe 8 Mei 1794. Hilo unalijibuje?

Mleta mada: Mzee, nitarudi kwako. Kwanza dada aelewe kwamba kutojua kusoma si tusi.

Binti Soko: "Walifuata tu upepo" ndilo tusi. Futa hiyo "tu".

Mwana wa Kilwa: Mnagombania mkate, mimi nauliza haki walizotangaza wanamapinduzi zilikuwa za nani. 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe mashamba ya Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Februari 1794 Bunge la Paris likafuta utumwa. 1796 wajumbe walipofika kisiwani na amri hiyo, wenye mashamba wakawafukuza. 1802 Napoleon akaurudisha utumwa. Watu wa Haiti, koloni la Ufaransa lililojaa watumwa, ndio waliochukua maneno yale ya haki wakayatimiza kwa mikono yao, wakawa huru 1804. Mababu zetu waliopakiwa bandarini Kilwa hakuna aliyewauliza.

Kibarua: Hiyo ni mada nyingine, mkuu.

Mwana wa Kilwa: Kwako ni nyingine. Kwangu ni nyumbani.

Binti Soko: Nimemsomea mama mjadala wote huu. Anauliza, mkate walipata?

Mzee wa Maktaba: Mwambie mama shikamoo. Hawakupata wa kutosha. Mei 1795 walivamia Bunge tena, wanawake mbele, wakidai "Mkate na Katiba ya 1793". Maneno hayo waliyabandika kwenye kofia.

Binti Soko: Kwenye kofia! Mkate na Katiba, vyote viwili. Mleta mada, soma hapo, kisha uniambie kuhusu herufi. Nakusubiri.