Neno la Kiingereza "run" lina maana ngapi?

Muulizaji, Bagamoyo
Ndugu zangu, nafanya kazi ya kupokea wageni katika nyumba ya kulala wageni hapa Bagamoyo, na tangu shuleni nimeamini kwamba "run" ni kukimbia tu. Wiki iliyopita mgeni alinunua kanga nyekundu sokoni, akaifua pamoja na shati lake jeupe, kisha akaja kuniambia kwamba kanga ime-"run". Nilitoka mpaka kwenye kamba nikidhani upepo umeichukua, nikaikuta imetulia palepale, na shati lililoanikwa kando yake limekuwa la rangi ya waridi kuanzia ukosi hadi mkono mmoja. Jioni mwenzake akasema wame-"run out of" maji. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, kwani kazi yangu inategemea kuelewa watu.

Mwalimu wa Kiingereza, Tanga
Ndugu muulizaji, neno hilo ni zito hata kwa wenyewe. Katika kamusi kubwa ya Oxford ya mwaka 1989, yenye juzuu 20, lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Lakini wahariri walipolipitia upya "run" kwa ajili ya toleo linalofuata, kitenzi chake peke yake kilifikisha maana 645.

Hakuna anayezikariri zote. Mimi huwaambia wanafunzi watazame kwanza kinachotajwa kabla ya kitenzi. Kikiwa cha majimaji, kinatiririka au kinatoka: mto Pangani, makamasi, na hiyo rangi ya kanga, ambayo sisi tungesema imechuja. Mashine inafanya kazi, na basi la Tanga kwenda Lushoto linafanya safari. Akiwa mtu, na baada ya kitenzi likatajwa duka au hoteli, anaiendesha. Na kwa kuwa kuendesha kumetokana na kwenda, utaona kwamba nasi tumeifikia maana hiyo kwa njia ya mwendo, ila hatukupitia kwenye kukimbia. Katika uchaguzi Mmarekani husema "run", Mwingereza husema "stand", nasi tunagombea.

Penye shida hasa ni "run out of". Mwingereza humtanguliza mtu, ilhali sisi hutanguliza kile kilichokwisha: maji yametuishia. Ukitafsiri neno kwa neno utapata watu wanaokimbia kutoka majini. Vilevile, chombo kikifanya "run aground", kimepwelewa.

Nahodha wa jahazi, Tanga
Mwalimu, kwa heshima zote, hilo la mwisho silikubali. Chombo hupwelewa kikiwa kimetulia, maji yanapokupwa na kukiacha mchangani, na yakijaa kinaelea bila madhara. Kinachogonga fungu au mwamba kikiwa safarini, tanga likiwa limejaa upepo, sisi tunasema kimepanda mwamba, na hapo mbao zinaweza kupasuka. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na anayetoa habari ya chombo akiyachanganya, walio nchi kavu hawatajua kama wasubiri maji yajae au wapeleke msaada.

Mwalimu wa Kiingereza, Tanga
Nahodha, nimekubali masahihisho. "Run aground" ni chombo kugusa chini kikiwa katika mwendo, na kupwelewa kwa maana uliyoieleza nitawafundisha wanafunzi kando, kwa maelezo yako hayohayo.

Muulizaji, Bagamoyo
Shikamoo mwalimu, nawe nahodha. Asubuhi mgeni aliniambia kwamba maji ya bafuni yana-"run" usiku kucha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bomba, nikalikuta halijafungwa vizuri.