Re: Jezi ya Raundi ya Sir Doug Nicholls kwa watoto wetu

Wanajumuiya wa Melbourne, salaam.

Mwanangu amejiunga na timu ya mtaa ya mpira wa Kiaustralia, na klabu inatutaka wazazi tununue jezi yenye michoro ya Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) kwa ajili ya mechi ya mwezi wa Mei. Je, inafaa sisi wageni kuivaa, na raundi hii ina maana gani?

Mama wa Footscray

---

Dada, salaam.

Mnunulie bila wasiwasi, mradi klabu iwe imemwagiza msanii Muaborijini na kumlipa. Uliza pia michoro ina maana gani, kwa kuwa mtoto ataulizwa. Raundi hiyo inamuenzi Sir Doug Nicholls, mchezaji Muaborijini aliyeondoka klabu ya Carlton kwa kubaguliwa rangi, akang'ara katika klabu ya Fitzroy katika miaka ya 1930, na mwaka 1976 akawa Gavana wa South Australia.

Wengi wetu hatufahamu kwamba ulinzi wanaoupata watoto wetu viwanjani ulipiganiwa na Waaborijini. Tarehe 17 Aprili 1993, katika uwanja wa Victoria Park, Nicky Winmar wa klabu ya St Kilda, aliyekuwa ametukanwa na mashabiki wa Collingwood, aliinua jezi yake na kuielekezea kidole ngozi yake mbele yao. Mwaka 1995 Michael Long wa Essendon alikataa kulinyamazia tusi alilotupiwa na mpinzani katika mechi ya Siku ya Anzac (siku ya kuwakumbuka wanajeshi), na ligi kuu ikalazimika kutunga kanuni ya kuzuia matusi ya rangi. Mchezaji wa ligi hiyo Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, aliikuta njia imekwisha kufyekwa.

Kanuni, hata hivyo, haikumaliza ubaguzi. Mchezaji Muaborijini Adam Goodes, mshindi mara mbili wa Medali ya Brownlow (tuzo ya mchezaji bora wa ligi) na Mwaustralia wa Mwaka 2014, alizomewa mechi baada ya mechi mwaka 2015 hadi akastaafu. Ligi ilimwomba radhi mwaka 2019, alipokuwa hachezi tena. Naye Héritier Lumumba, aliyewahi kuichezea Collingwood, ambaye baba yake ana asili ya Kongo na Angola, alieleza kwamba wenzake huko walimbandika jina la sokwe, na ripoti ya mwaka 2021 ilithibitisha kuwa klabu hiyo ilikuwa na ubaguzi wa kimfumo.

Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait hawafiki asilimia 4 ya Waaustralia, lakini wamewahi kukaribia asilimia 10 ya wachezaji wa ligi kuu ya wanaume. Ukitazama benchi la ufundi, hali ni nyingine kabisa: tangu Graham Farmer alipoifundisha Geelong kuanzia 1973, makocha wakuu wa asili hiyo wamekuwa adimu mno. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha uwakilishi, wala si jezi zinazovaliwa wiki mbili tu.

Mzee wa Sunshine

---

Naongezea machache. Kabla ya mechi, mzee wa jamii ya Waaborijini wa eneo hilo huenda akawakaribisha rasmi katika ardhi yao. Simameni, simu ziwekwe mfukoni. Mtoto akitukanwa rangi, usimkabili mzazi wa upande wa pili: mwarifu meneja wa timu siku hiyohiyo, kisha andika maneno yaliyosemwa, robo ya mchezo na mashahidi, uombe kwa maandishi malalamiko yafikishwe kwenye ligi ya eneo lenu.

Kaka wa Dandenong