Naanzaje rali ya utii na mbwa anayevuta kamba?

Swali: Wakuu habari, nina mbwa jike wa miaka 2, kukaa na kulala anajua ila tukitembea anavuta kamba balaa. Nataka tuanze rali ya utii, nisubiri aache kuvuta kwanza?

Jibu: Usisubiri mkuu, anza tu. Rali ni njia yenye vibao vya namba, jaji ndo anapanga, nyie mnatoka kibao hiki mpaka kile mnafanya kilichoandikwa, geuka kulia, kaa, zunguka koni, mbwa yuko kushoto kwako na unaruhusiwa kuongea naye na kumsifia muda wote, hapo ndo napapenda mimi. Kwa sheria za AKC, chama cha mbwa cha Marekani, daraja la kwanza anafungwa kamba, ukibaki na pointi 70 kati ya 100 umefaulu, ila kamba ikikaza unakatwa pointi.

Jibu: Naongezea, kuacha kuvuta kunafundishwa kwa kutembea hatua mbili tatu tu, akiwa usawa wa goti mpe kitu kitamu kwa mkono wa kushoto, ukimpa kwa wa kulia anazoea kukukatia mbele, wangu ilinichukua miezi kumrekebisha. Vibao vijifunze mwenyewe kwanza bila mbwa.

Swali: Kumbe mkono! Leo jioni naanza, asanteni sana.