Siku ya mapacha Jumatano na binti yangu hana pacha, nimsaidieje? (homkamingi)

MamaWatatu_Ohio

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri wa haraka maana wiki yenyewe ndo inaanza Jumatatu. Tupo Ohio huu mwaka wa pili, binti yangu mkubwa ana miaka 14, kaanza haiskuli mwezi wa 8, yupo mwaka wa kwanza. Shule imetuma imeili ndefu kwamba kabla ya homkamingi, ile sherehe ya shule ya kila vuli, kuna wiki ya hamasa, kila siku na vazi lake: Jumatatu pajama, Jumanne nguo za miaka ya zamani, Jumatano siku ya mapacha yani watu wawili wanavaa sawasawa, Alhamisi kila darasa na rangi yake, Ijumaa rangi za shule halafu usiku mechi ya futiboli (ule mpira wa Kimarekani), Jumamosi dansi. Mi nikasoma nikaona hamna shida, nguo tutatafuta.

Kumbe shida ipo. Jana usiku naingia chumbani kwake namkuta analia, ananiambia mama Jumatano siendi shule. Kumbembeleza sana ndo akasema, wale wasichana wawili anaokaa nao meza moja wakati wa chakula washapangana wao kwa wao, yeye kabaki. Hawajagombana, hawakumtukana, basi tu wao wanajuana tangu darasa la tatu na yeye kaja juzi. Iliniuma mno. Nimuache abaki nyumbani hiyo siku moja au nimlazimishe?

La pili ni dansi. Baba yake hataki hata kulisikia, anasema hayo ni mambo ya kutafutiana wachumba. Je ni lazima aende na mvulana? Ndo ile promu au ni kitu kingine? Naombeni mnieleweshe maana mi sikusoma huku.

kazi_ya_darasani

Pole sana dada. Mi ni msaidizi wa darasa kwenye haiskuli, huu mwaka wa sita, na nakwambia hiyo Jumatano kila mwaka naona mtoto kama wako, kakaa pembeni kavaa nguo za kawaida anajifanya kasahau. Usimuache abaki nyumbani. Akikosa Jumatano, Alhamisi kurudi inakuwa ngumu zaidi, na Ijumaa ndo hataki kabisa.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba hao mapacha si lazima wawe wawili. Shuleni kwetu nimeona watatu, wanne, mwaka jana kulikuwa na timu nzima ya mpira wa wavu wamevaa tisheti nyeupe na suruali za jinzi na utepe wa kijani kichwani. Kwahiyo binti awaambie tu wale wawili "na mimi nivae nini?" Aulize hivyo hivyo, asiulize "naweza kujiunga?" maana swali la pili linampa mtu nafasi ya kusita. Mara nyingi watoto hawakumtenga mtu, hawakufikiria tu. Na vazi liwe la vitu ambavyo kila mtu anavyo kabatini ili asije akakwama kwa kukosa hela ya kununua kipya.

Wakikataa, bado kuna njia. Walimu na sisi wasaidizi huwa tunavaa pia siku hiyo. Mi mwenyewe nimewahi kuwa pacha wa mtoto mmoja mgeni, tulivaa sweta jekundu na soksi zisizofanana, akashinda anatembea na mimi korido nzima anacheka. Mwandikie imeili kaunsela wake, yani mshauri wa wanafunzi pale shuleni, leo usisubiri Jumatatu, mwambie ukweli kwamba binti hana mtu. Hatamtangaza mbele za watu, atampigia mahesabu kimya kimya nani wa kumuunganisha naye.

Kingine nikiwa hapa hapa: Ijumaa kabla ya mechi watoto wote wanaingizwa jimu kwa mkutano wa hamasa, bendi inapiga ngoma, madarasa yanashindana nani ana sauti kubwa, taa wakati mwingine zinazimwa. Kwa mtoto aliyepitia vita au anayeshtuka na makelele ni kitu kizito sana. Shule nyingi zinaruhusu akae maktaba, ila lazima mtu aombe. Tafadhalini wazazi ombeni.

BabaJ

Mama, naunga mkono hapo juu. Kijana wangu mwaka wake wa kwanza nilimwambia hayo mavazi ni upuuzi wewe nenda kasome, akaenda wiki nzima na nguo zake za kawaida. Sikujua kwamba madarasa yanahesabiwa pointi, mwaka wa kwanza dhidi ya wa pili dhidi ya wa tatu dhidi ya wa nne, kwa waliovaa, kwa kupamba korido, kwa makopo ya chakula wanayokusanya ya msaada. Wenzake walimwona kama anawaangusha. Alikuja kuniambia baada ya miaka miwili, na mpaka leo najilaumu.

Kuhusu asili yake, mimi nimeipenda nilipoielewa. Inaanzia vyuoni, ni siku ya kuwaita waliosoma pale zamani warudi nyumbani, ndo maana ya hilo jina. Chuo kikuu cha Missouri wanasema walianza wao 1911: kanuni za ligi yao zilibadilika, mechi yao na chuo cha Kansas ambayo walikuwa wakichezea mji wa Kansas City ikabidi ihamie chuoni kwenyewe, mji wa Columbia, na mkuu wa michezo Chester Brewer akaogopa watu hawatakuja, akawatangazia wahitimu rudini nyumbani, na wakaja maelfu. Mechi iliisha 3-3. Chuo cha Baylor wanasema wao walitangulia 1909, na chuo cha Illinois nao wanataja 1910, hawajakubaliana mpaka leo. Kwahiyo ukienda Ijumaa utaona wazee wamevaa majaketi ya shule ya miaka mingi iliyopita, wengine wamekaa kwenye trela zilizopambwa kwenye gwaride. Mke wangu alilia alipoona bibi mmoja anasalimiana na mwalimu wake.

Na kwa nini Ijumaa? Kuna sheria ya shirikisho ya 1961 kuhusu kurusha michezo kwenye televisheni, inailinda Ijumaa jioni ya haiskuli kipindi cha msimu ili NFL, ile ligi kubwa ya futiboli ya kulipwa, isiwanyang'anye watazamaji. Usiku ule ni wa watoto kweli kweli. Mpeleke mume wako mechini kabla hajaamua kuhusu dansi.

Neema_mwaka_wa_tatu_chuo

Shikamooni wazazi. Mi nimemaliza haiskuli huku kwahiyo la dansi naomba nijibu mimi.

Mama, SIO promu. Promu ni dansi ya masika, kwa kawaida ni ya miaka miwili ya mwisho, magauni marefu na gharama kubwa. Homkamingi ni vuli, watoto wa miaka yote minne wanaingia, na wasichana wengi wanavaa gauni fupi la kawaida, ila mi nilivaa refu la mikono mirefu miaka yote na hamna aliyeniuliza. Mara nyingi inafanyika jimu hapo hapo shuleni, mlangoni wanakagua kitambulisho, walimu wamesimama kila kona, shule nyingi ukishatoka huruhusiwi kurudi ndani. Mgeni wa shule nyingine hawezi kuingia bila fomu iliyosainiwa.

Na mvulana si lazima kabisaaa. Utaona mabango, "utaenda na mimi?" na pipi na maua, na watoto wanarekodi video, hayo yapo na baba asishtuke, ila sisi tulienda wasichana saba. Tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, mama zetu wakatusuka, tukapiga picha uani, tukala, baba mmoja akatupeleka na gari la familia na ndo aliyetufuata saa 4 usiku. Kwakweli nikikumbuka ile siku muziki hata siukumbuki, nakumbuka pale uani na mama ananirekebishia kola. Mwambie baba awe dereva. Baba yangu alikataa mwaka wa kwanza, wa pili akakubali kwa sharti hilo, na sasa ndo anazo picha zote kwenye simu yake.

ShangaziTexas

Nyie wa Ohio mna nafuu. Kwa yeyote anayesoma akiwa Texas, jueni kuna "mamu". Asili yake ni ua la krisanthemu la kubandika kifuani, siku hizi ni la kitambaa, lina mariboni mpaka magotini, kengele, vidubu, taa za betri, jina la mtoto kwa herufi za kung'aa. Wavulana wanavaa dogo lake mkononi. Wa mwaka wa mwisho huwa wanavaa nyeupe na fedha, wengine rangi za shule. Ya kuagiza inaweza kufika mamia ya dola jamani! Mi nilinunua mariboni na gundi ya moto, tukakaa mezani na binti yangu jioni tatu mfululizo tukatengeneza wenyewe. Vidole viliungua lakini zile jioni tatu tuliongea kuliko mwaka mzima. Limetundikwa ukutani mpaka leo.

MamaWatatu_Ohio

Narudi kuwashukuru, Mungu awabariki. Jumapili binti alituma ujumbe "Jumatano nivae nini?" akakaa anaitazama simu, dakika kama 20 hivi, mi nazunguka jikoni naomba kimoyomoyo. Wakajibu wote wawili kwa pamoja, ovaroli ya jinzi na tisheti ya njano. Ovaroli hatukuwa nayo, nikaikuta duka la mitumba dola 6, pana kidogo, nikaishona usiku. Jumatano karudi na picha, watatu wamekumbatiana mbele ya makabati ya korido.

Ijumaa tulienda mechini familia nzima. Mume wangu kanuni za ule mpira haelewi, ila wakati wa mapumziko walipotangaza mfalme na malkia wa homkamingi, wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, na wasichana walioteuliwa wakaingia uwanjani wameshikwa mkono na baba zao, alinyamaza muda mrefu. Tukiwa njiani kurudi akamuuliza binti, hiyo dansi ya kesho inaisha saa ngapi, maana gari lazima nijaze mafuta.